Ubao wa Kumsimamisha Baba Bonge

Mume wa Mama Bonge alikuwa fundi wa madirisha, na nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa zimepita mikononi mwake. Nyumba yake mwenyewe ndiyo haikuwahi kupata zamu. Ubao wa chini wa dirisha la chumbani, pale watu wanapoweka kikombe na chanuo, ulikuwa wa maranda yaliyogandishwa kwa gundi na kubandikwa karatasi ya rangi ya mti. "Huu wa muda tu," alisema siku alipoupachika, mkewe akiwa mjamzito. Mtoto akazaliwa, akanenepa, majirani wakamwita Bonge, na ubao wa muda ukabaki palepale.

Kisha fundi akaanguka kazini kutoka juu ya jukwaa. Mgongo ukaumia, miguu ikawa kama ya kuazima.

Daktari wa viungo alimvuta Mama Bonge pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba miguu ya mumewe haijafa, imelala. Kila siku ni lazima asimame, hata kidogo, akishika kitu kisichotikisika kilicho usawa wa kiuno. Akiendelea kulala hivyo mpaka mvua ziishe, misuli itakwisha, na hapo hata yeye daktari hatakuwa na la kufanya.

Chumbani mle kitu cha usawa wa kiuno kisichosogea kilikuwa dirisha peke yake. Fundi alijaribu. Alijivuta hadi ukingoni mwa kitanda, akaushika ubao kwa mikono miwili, akainuka nusu. Ubao ulikuwa umevimba kwa maji ya mvua. Ulimeguka kama mkate, akaenda nao chini. Mkewe alimkuta sakafuni, vipande mkononi, maranda kwenye midomo, macho hataki yakutane na ya mtu.

Tangu siku hiyo aligeukia ukutani. Akilishwa anakula, akiulizwa hajibu. Bonge akipanda kitandani kumvuta sikio, anamwacha avute.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia, "mimi nimemzaa, namjua. Huyu ameshajikatia tamaa. Usimsumbue."

"Sawa, mama," Mama Bonge aliitikia. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kutafuta mbao.

Miaka yote alilala ubavuni mwa mtu anayenuka mbao, lakini yeye alichojua ni kukung'uta maranda kwenye mashati. Mbele ya marundo ya mbao pale dukani alijiona kama mtu aliyeingia darasa la watu wengine.

"Unataka wa kuweka maua, mama?" muuza mbao alimuuliza.

"Wa kuegemea mtu mzima."

"Mtu mzima anaegemea dirishani kutwa? Huyo mpelelezi?"

Mama Bonge hakucheka. Aliomba magogo mawili, akalaza ubao juu yake kama daraja, akaukandamiza kwa mikono yote miwili mpaka visigino vikaondoka ardhini. Bonge mgongoni akafurahi, akadhani ni mchezo.

"Mama, unanunua ubao au mnapigana mieleka?"

"Ubao ukimshinda, niiteni nigonge kengele ya pambano," mpakiaji mmoja akadakia, na wenzake wakacheka.

Aliuchagua uliokuwa mpana kuliko wote, mwekundu, wenye duara jeusi katikati ya ncha kama jicho. Haukulia alipoukandamiza, na ulikuwa mzuri kuutazama. Akaubeba kichwani mpaka nyumbani. Chumba kilikuwa kidogo, nafasi ya kuuegemeza ilikuwa ukuta mmoja tu, ule aliougeukia mumewe.

Akawa amepiga magoti anapangusa tope miguuni mwa mtoto aliposikia sauti ambayo alikuwa ameanza kuisahau.

"Nani kakuuzia kuni?"

Aligeuka polepole, kama mtu anayeogopa kumtisha ndege. "Kuni?"

"Huo una kiini cha mti katikati. Ukikauka utapasuka mwanzo hadi mwisho. Rudisha."

"Nirudishe nilete upi?"

Mumewe alikuwa ameshajifunika shuka.

Mama Bonge, kwa hasira na woga, akasema la kwanza lililomjia: "Basi nitamwambia shemeji Patasi aupachike huuhuu."

Patasi alikuwa fundi mwenzake Baba Bonge, rafiki yake na mshindani wake. Shuka likafunuka.

"Patasi? Patasi atakupachikia hata kifuniko cha sufuria." Akapumua. "Sikiliza. Utazame kichwani mwa ubao, pale msumeno ulipokata. Ukiona duara dogo la kiini, acha. Nyuzi ziende zimenyooka toka huku hadi huku. Fundo lisikae ukingoni. Na uugonge kwa kifundo cha kidole. Ulio mbichi sauti yake inaziba, mkavu unaitikia. Lete mvule. Msonobari siutaki, laini."

Mama Bonge alikwenda jikoni, akajiziba mdomo kwa kanga, akalia. Mama mkwe akamkuta.

"Amekutukana?"

"Amenitukana, mama."

"Afadhali," mama mkwe akasema, naye akakaa chini.

Aliurudisha ule mwekundu, na safari hii muuza mbao hakupata muda wa utani. Mama Bonge alimgeuzisha rundo zima, akigonga na kuweka sikio, akigonga na kuacha. Aliopata ulikuwa chini kabisa, mchafu, na rangi imefifia kwa kukaa sana. Aliugonga, ukaitikia.

"Nani anakufundisha?" yule muuzaji aliuliza.

"Mgonjwa."

Patasi alikuja na randa na saruji, akachimba ukuta pande zote mbili ili ncha za ubao ziingie ndani. "Kaka, umelala kama tajiri," alichokoza. Baba Bonge alitazama mikono ya mwenzake tu, kama imamu anayengoja msomaji akosee, na Patasi hakukosea.

Saruji ikakauka. Mvua nazo zilikuwa zimeanza kupungua, zinakuja asubuhi na kukatika. Mama Bonge akazisikiliza zinavyokatika, akafunua shuka.

"Twende."

"Sitaki."

"Ubao si umeuridhia?"

"Ubao mzima. Mbovu ni mimi." Alisema bila uchungu, kama anavyosema juu ya bawaba ya dirisha. "Niache, Mama Bonge."

Mama Bonge alikuwa ameandaa maneno mengi matamu ya siku hiyo. Hakuna lililotoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Nimechoka," alisema. "Sikudanganyi. Nakuosha wewe, namwosha Bonge, usiku nalala nikisikiliza kama mnapumua. Ukikaa hivi milele nitakuosha hivihivi. Lakini sijui nitatoa wapi nguvu. Naziangalia, sizioni."

Hakumtazama, maana aliona aibu.

Kitanda kikalia. Alipogeuka, mumewe alikuwa anaburuta mguu mmoja kwa mkono, kama mtu anayeburuta mzigo wa mwingine. Mama Bonge akamwingizia bega kwapani. Mumewe akaushika ubao. Shingo ikatoka mishipa, akainuka, akainuka, mpaka dirisha likafika usawa wa kiuno chake.

Ubao haukutoa hata mlio.

"Umekubali," alisema kwa pumzi iliyokatika. "Miguu ndiyo inabisha."

"Ibishe."

"Nalegea. Naanguka."

"Huanguki."

Hakujua kama anasema kweli. Jasho la mumewe lilimdondokea sikioni, likateremka shingoni. Goti la kushoto likanyooka kidogo, likakunjika, likatetemeka. Mama Bonge alilitazama goti lile, asijue ni kutetemeka kwa kitu kinachoamka au kwa kitu kinachokwisha. Akapanua miguu yake sakafuni, akakaza bega, akaendelea kushika.