Jirani ya Jiwe la Mskoti

Juzi nilirudi makaburini kule Mbaraki na fundi wa mawe, jiwe la kaburi la nyanya yangu likiwa juu ya mkokoteni. Nilikuwa nimelichelewesha miaka, basi siku hiyo sikutulia hata kidogo. Nilitangulia mbele, nikarudi, nikamhimiza fundi, mpaka akanambia, "Polepole dadangu, maiti hakimbii."

Wajua, utotoni njia hiyo ningeipita nimefumba macho. Kila Jumamosi nyanya alinitoa Ganjoni, jembe begani, tukapalilie kaburi la babu. Kunguru walitupigia makelele, na kule bandarini vyuma vikigongana. Tukimaliza, tuliketi kando ya jirani yake babu, Mskoti mmoja aliyekufa zamani za kujengwa reli, tukafungua mahamri na mbaazi za nazi.

Jiwe la Mskoti huyo ndilo lililonifunza kusoma. Herufi zake zilichimbwa ndani, nene upande huu na nyembamba upande ule, hata kidole changu kikizama. Juu palichongwa ua la miiba, mikono miwili iliyoshikana, na chupa ya mchanga ya kupimia wakati. Mwalimu wa Jumapili alitwambia ua ni la kwao Uskoti, na mchanga hukumbusha kwamba umri unakwisha. Nyanya hakushawishika. Ua aliliita mbigili, na ile chupa akasema ni vibuyu viwili vinabusiana. Mikono tu ndiyo aliyoipenda: "Huyu ana adabu. Amekufa akiamkia watu." Naye kila tukifika humwamkia kwanza, akamnyunyizia maji.

Nyanya alikuwa mtu wa Rabai. Huko kwao, mzee mwenye heshima akifa huchongewa kigango, nguzo ya mti, na nguzo hiyo haing'olewi hata watu wakihama. Kwa hiyo alituusia: "Nizikeni kwa mume wangu. Msihangaike na maandishi. Mkimwona Mskoti, mmeniona mimi." Tukamtii. Misalaba yao ya mbao ikaliwa na mchwa, nasi hatukushtuka, maana jiwe la Mskoti lipo; ila mimi nilitamani siku moja nyanya awe na lake.

Juzi halikuwapo mahali pake. Lilikuwa limeegemezwa ukutani pamoja na mengine, na pale palipokuwa na makaburi ya zamani ardhi imesawazishwa, nyasi tupu. Nilikwenda huku, nikaenda kule, nikasimama mahali nikaapa ni hapa, kisha nikapakataa. Nilikasirika na sikujua nimkasirikie nani. Nikalia. Mama hayuko tena, mwalimu hayuko, majirani wa Ganjoni wamehama. Sina hata mmoja wa kumpigia simu nimuulize nyanya yangu amelala wapi.

Fundi alingoja, jua likimchoma. "Sasa hili nilisimamishe wapi, dadangu?"

Nikalitazama. Alikuwa amelikata vizuri, halina kosa. Nikamwambia alirudishe. Jina tunalo, mwenyewe ndiye tumempoteza.