Bima Ambayo Mzee Aliiuza Bure

Figo zangu zilianza kukataa kazi nikiwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya upili kule Bahati, karibu na mji wa Nakuru. Nilidhani ni uchovu. Miguu ilivimba hadi nikawa naingia darasani na patipati, na wanafunzi, kwa heshima yao, wakajifanya hawaoni. Mke wangu ndiye aliyenikokota hospitali. Daktari alisoma majibu ya damu, akavua miwani, akasema, "Mwalimu, itabidi uwe unasafishwa damu kwa mashine kila wiki. Tuanze leo."

Nilikuwa na bima nzuri. Mwajiri alitulipia kwa kampuni binafsi, na bahati yangu ni kwamba kampuni hiyo ilikuwa imelegeza masharti muda mfupi kabla sijaugua. Zamani mtu mwenye ugonjwa wa kudumu aliambiwa asubiri, au aende zake. Mimi nilikubaliwa tangu siku ya kwanza. Nikawa natibiwa katika kliniki moja ya kibinafsi Milimani, mtaa wa wenye pesa, chumba changu peke yangu, televisheni ukutani, na muuguzi aliyeniuliza kila mara kama baridi imenizidi. Nilishukuru sana, na hadi leo nashukuru. Miezi ile ndiyo iliyonirudishia pumzi.

Kisha kiwango cha malipo ya mwaka kikaisha. Bima ile, pamoja na marekebisho yake yote, ilikuwa na mwisho, na mimi nilikuwa nimeufikia. Msichana wa mapokezi alinieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba kosa ni lake. Wiki iliyofuata nikahamia hospitali ya umma mjini, kwa bima ya serikali, ile ambayo kila mtu alikuwa akihimizwa ajiandikishe. Nilienda na hofu. Nilitarajia foleni ndefu na mashine mbovu.

Foleni ilikuwapo, siwezi kukataa. Lakini mashine zilifanya kazi, na wauguzi walijua kutafuta mshipa bila kukuumiza. Nilipewa kiti katikati ya watu wawili waliokuja kuwa kama ndugu zangu. Kushoto aliketi mama mmoja mkulima wa viazi kutoka Olenguruone, ambaye aliteremka kutoka milima ya Mau akiwa na sweta mbili na gambuti zenye matope. Kulia aliketi mzee mstaafu ambaye aliuza bima za kampuni binafsi hapa Nakuru maisha yake yote. Hata akiwa mgonjwa alifunga tai.

Mtu akifungwa mirija mkononi asubuhi nzima, atazungumza tu. Siku moja redio ya muuguzi ilikuwa ikitangaza habari za bima mpya ya serikali, na mzee akatikisa kichwa.

"Shida yetu ni haraka," alisema. "Kampuni zilikuwa zinajirekebisha polepole. Zilikataa wazee, halafu zikawakubali. Zilikataa watu wa sukari, zikawakubali. Mwishowe zingekubali kila mtu. Ni kama maji ya mfereji. Unaanza mtaa mmoja, halafu bomba linasonga mbele."

Mama alicheka. "Sasa mzee, hiyo bomba ikianzia Milimani, itafika Olenguruone lini?"

"Itafika, mama."

"Wewe si ndiye ulikuwa unauza? Ulishawahi kuja kwetu kuuza?"

Mzee aliirekebisha tai yake kwa mkono uliokuwa huru. "Hapana," alisema. "Wateja wangu walikuwa watu wa mshahara. Nikipeleka jina la mkulima, ofisini wananiuliza: mwaka huu amevuna, mwaka ujao je?"

"Basi hiyo ilikuwa inazidi kuwa nzuri kwa wale wako ndani," mama alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anafikiri kwa sauti.

Mimi niliitetea ile bima yangu ya kwanza. Nilimwambia mama kwamba kama masharti hayangelegezwa, pengine nisingekuwa hai kuketi pale.

"Na mimi nafurahi ilikusaidia, mwalimu," alinijibu. "Mungu aibariki. Lakini mimi nilikuwa nakuja kuoshwa damu tu wakati viazi vimenunuliwa. Visiponunuliwa, nakaa nyumbani nafura. Watoto wananiangalia. Hii ya serikali ndiyo imenifanya nikuje kila wiki kama watu."

Mzee alifumba macho hadi walipomtoa kwenye mashine. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anapanga safari. Mara iliyofuata tulipokutana alimwuliza mama, kabla hata ya salamu, "Kanisa lenu lina watu wengi?"

Tukaenda Olenguruone Jumapili, siku ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa na zamu ya mashine. Mke wangu ndiye aliyeendesha gari. Tulipopanda Mau ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na mzee akaomba kioo kishushwe anuse udongo. Mama alikuwa amezungumza na mchungaji mapema, kwa hiyo ibada ilipoisha watu hawakutoka. Mzee alisimama mbele akijishikilia kwenye meza, nami kando yake, tayari kumdaka.

Alieleza bima ya umma kama alivyokuwa akieleza ile aliyoiuza zamani, kwa ufundi uleule. Mwanamume mmoja, bado ana kofia mkononi, akainuka. "Mzee, nikilipa mwaka mzima na nisiugue? Pesa yangu si imeenda?"

"Imeenda," mzee alijibu. "Imeenda kwa huyu mama yenu. Na ya mtu wa Nakuru ambaye hammjui imekuja kwake. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuta mtu asiyeugua nimuuzie. Leo natafuta kila mtu."

Mwanamke fulani akauliza kwa nini watu hufika hospitali wakaambiwa sistimu ya kompyuta imelala.

"Ni kweli, hulala. Hata mimi nimeshawahi kuketi pale nikingoja iamke, na nilikasirika sana. Sitawadanganya kwamba kila kitu kiko sawa. Lakini mtu ambaye hajajiandikisha hana hata cha kungojea."

Wengine waliondoka wakinung'unika. Wengi walitoa simu palepale wakajiandikisha, wakisaidiana kwenye viti vya kanisa. Tulilishwa viazi na maziwa lala, ingawa sisi wagonjwa wa figo tulionja tu, na mama akasimama mlangoni kuhakikisha hatuzidishi.

Tukiteremka kurudi nilimwuliza mzee kama amebadilisha mawazo.

"Nusu," alisema. "Kampuni zilipokubali wagonjwa, watu waliona inawezekana, wakaanza kuuliza mbona si sisi pia. Hiyo ni kazi nzuri, na mimi nilikuwa ndani yake. Lakini zingefika kwa mtu wa mwisho mwenye mshahara, kisha zingesimama. Ilibidi mtu aamue kwamba wote wanaingia." Kisha akaanza kucheka. "Miaka yote ile sijawahi kuuza siku moja kama leo. Na hakuna kamisheni!"



Mzee alitutoka wakati wa mvua za masika, moyo ulipochoka. Siku ya mazishi, watu tulikuwa tumeketi kwenye hema basi lilipofika limepakwa matope hadi madirishani. Walikuwa watu wa kanisa la Olenguruone. Waliteremsha magunia ya viazi, wakayapeleka moja kwa moja jikoni, na wanawake wao wakakunja mikono ya nguo wakaanza kumenya. Mwanawe mzee aliniuliza hao ni akina nani. Nilimwambia ni wateja wa baba yake.

Mama alipata figo kutoka kwa mdogo wake wa kiume. Bima ililipa sehemu kubwa, kanisa likachangia iliyobaki. Alinipigia simu akiwa kwake, akicheka, kunieleza kwamba hapimiwi tena cha kunywa, amekunywa chai kikombe kikubwa kizima, akaongeza kingine.

Mimi bado naenda kwenye mashine. Nafundisha vipindi vya asubuhi, mwalimu mkuu amenipangia hivyo, na wanafunzi wangu wa mwaka jana walifanya vizuri. Kwenye kiti cha kulia sasa anakaa msichana anayechuma maua Naivasha kwa kibarua. Siku yake ya kwanza aliniuliza kwa wasiwasi kama wataanza kumhoji ameajiriwa na nani. Nikamwambia hapana, hapa watakuuliza jina, na mkono gani wenye mshipa mzuri.