Mama Aliyenisaidia Kukandika Chumba cha Chini

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa umalize, halafu unisikilize. Sikuwa mgonjwa, sikuwa nimelala, na ilikuwa alasiri, ingawa mawingu ya masika yalikuwa yameitia nyumba giza. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, Temeke, wakati wa Mwingereza, nikiwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni.

Nyumba za Temeke hazikuwa na vyumba vya chini. Yetu ilikuwa nacho kwa bahati mbaya tu. Aliyeijenga alichimba udongo wa kukandikia papo hapo nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, na shimo lilipokuwa kubwa akaona asiliache bure. Akalizungushia miti, akalikandika, akaliezeka kwa madebe yaliyopasuliwa. Unashuka vidato vichache, uko ndani. Tulipohamia kutoka Masasi, makuti ya vyumba vya mbele yalikuwa yameoza, kwa hiyo tulilala huko chini. Paa la madebe halikuvuja. Taabu ilikuwa ukuta wa upande wa mlimani. Mvua ikinyesha, ukuta unatoa jasho, kisha unatoa maji, kisha tope linabanduka vipande vipande.

Mtoto akaanza kukohoa. Usiku namsimamisha begani ili apate pumzi. Mganga wa zahanati aliniambia wazi kwamba asipotoka kwenye unyevu, dawa ni bure. Nimpeleke wapi? Mume wangu alikuwa kazini relini, yuko safari za bara, na mimi mjini sikuwa na mtu. Niliogopa kwamba atarudi akute kaburi.

Kukandika nyumba si kazi ya mtu mmoja, nawe unajua. Unawaita wanawake wenzio, mnakanyaga udongo kwa miguu, mnaimba, na mwenye nyumba anapika. Asiyewalisha waliomkandikia hana uso wa kuonyesha watu. Lakini mimi mgeni ningemwita nani? Nikamfunga mtoto mgongoni nikaanza peke yangu. Nabandika hapa, kule kunaanguka. Mwisho nikaketi kwenye tope nikalia, sioni haya kusema.

Ndipo nikasikia hodi.

Alikuwa mama wa makamo, rika la mama yangu, amejifunga kaniki. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba taratibu, akabaki mlangoni, hakushuka. Alikuwa anaitazama kona moja tu.

"Mwanao analala wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kona ile ile.

"Mhamishie huku mlangoni, leo hii hii. Na huko kukandika kwako acha kwanza. Maji yako nje, mwanangu, nawe unapigana nayo ukiwa ndani. Yatakusukumia tope lote likurudie. Njoo tuchimbe."

Tukachimba mtaro upande wa mlimani, ukapita kina cha sakafu, ukazunguka chumba mpaka bondeni. Tukatwaa udongo wa mfinyanzi kule bondeni, tukaukanyaga mpaka ukanata, tukaupiga ukutani kwa nje. Kisha mtaro tukaujaza mawe, maji yapate kupita katikati yake bila kingo kuporomoka. Niamini, kazi ya watu kumi ilikwisha kabla jua halijazama.

Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Kanga zangu zililowa chapa, lakini kaniki yake ilikuwa kavu. Tulikanyaga udongo mmoja, na miguu yake ilikuwa safi. Niliona yote hayo. Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Wewe ungemkimbia mtu anayekuokolea mtoto? Tulipopumzika aliomba ampakate kidogo, nikampa, na mtoto akalala kifuani kwake bila kukohoa hata mara moja. Nilimpenda yule mama, sina namna nyingine ya kusema.

Kazi ilipokwisha akaaga. Nikamwambia, "La, mama, hutoki hapa bila kula."

Hakukataa. Nilikuwa na kisamvu cha nazi, nikasonga ugali, nikamtandikia mkeka. Alikaa kwa hamu, kama mtu ambaye hajakaribishwa chakula siku nyingi. Akanawa, akamega tonge, akachovya, akalifikisha mdomoni. Akasita. Akalirudisha sahanini polepole.

"Kina chumvi, mwanangu," akasema. Hakuwa na hasira. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nimeshukuru sana."

Nikageuka kumchukulia maji ya kunawa. Kugeuka tena, mkeka mtupu.

Mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Nilikaa macho nikiyasikia maji yakipita kwenye mawe ya mtaro, yanateremka bondeni. Ukuta haukutoa hata tone. Asubuhi jirani yetu Bi Somoe akaja kututazama kama tuko hai, akauona mtaro, akauliza nani kanichimbia. Nilipomweleza alikaa chini pale pale.

"Huyo mke wa aliyejenga hapa," akasema. "Ukuta huo ulimwangukia mwanawe kalala, kona hiyo hiyo. Basi ikawa kazi yake kuuliza mafundi maji yanazuiwaje, mpaka sie tukasema akili imemruka. Masika ya pili hakuyaona."

"Na chumvi?"

"Chakula cha wafu kinatiwa chumvi? Hivi kwenu hamkuambiwa?"

Sikuambiwa. Mimi nililelewa misheni, mambo hayo hayakutajwa mbele yetu. Nilipika vizuri kama nilivyofundishwa kumpikia mgeni.

Mwanangu alipona, na leo ana wajukuu. Kila masika yakikaribia nazibua mtaro ule, na siku hiyo napika kisamvu kisicho na chumvi, nakipakua, nakiweka kwenye mkeka karibu na vidato. Hajarudi. Chakula nakikuta kama nilivyokiweka.

Nawe nakuonya: akitokea mtu usiyemjua akakusaidia kazi nzito, usimhoji, na kabla hujatia chumvi chunguni, mpakulie chake kwanza, umuulize tu kama anakula chumvi. Usingoje uyajue niliyoyajua mimi. Yule mama aliniachia mwanangu akiwa hai, na akatoka nyumbani kwangu na njaa yake.