Corona: mimi mukondefu walinificha jikoni, ndugu yangu munene wakamuweka ku mulango

Wakuu wote wa hapa, wakubwa kwa wadogo, jambo.

Nimesoma mabishano yenu kuhusu Corona, nani inamulemea na nani inamuacha. Mimi ni koko, bibi muzee wa hapa Goma. Masomo yangu iliishia primere, kwa hiyo makosa ya kuandika muivumilie. Uongo hamutaona. Hii ilitokea mu familia yangu.

Niko mukondefu tangu kuzaliwa. Nimezaa, nimelima, nimebeba viazi vya kule Kiwanja ku mugongo, lakini huu mwili unakataa mafuta.

Ndugu yangu mudogo, Kambale, ndiye alikula sehemu yangu. Mufanyabiashara wa njia ya Butembo, shingo ngazi mbili. Kila nyumba akiingia wanamutafutia kiti ya chuma, kwa sababu ile ya plastiki alishavunja.

Na kwetu mutu wa hivyo ndiye tunamuita muzima. Mwambie "umenenepa", atafurahi siku nzima.

Sasa, wakati ule wa Corona shangazi yetu alikufa. Si Corona, uzee tu.

Mu kilio yetu, ndiyo matanga, mukubwa wa familia anaikala karibu na mulango, anapokea mikono ya kila mutu anayekuja kusema pole. Mukubwa ni mimi. Hiyo kiti ni yangu.

Paluku, mutoto wa marehemu, akakataa. "Mama, wewe upepo tu unakuangusha. Tuweke Papa Kambale, yeye iko na mwili wa kupigana."

Wote wakakubali. Kambale mwenyewe akacheka, tumbo ikatikisika. "Yaya, dada mukubwa, enda upumuzike. Corona ikinipanda mimi, itachokea njiani."

Nikapelekwa jikoni, kale kajumba ka mbao nyuma ya nyumba, upepo unapita kila ubao. Nilikasirika sana. Wamenitupa sawa chungu cha kupasuka.

Mu salon, chumba ya wageni, mvua iliwafungisha madirisha. Mbabula, jiko ya makala, katikati, watu bega kwa bega, wanaimba. Maski, zile barakoa? Ku kidevu, ao mu mufuko. Kambale ku mulango, mikono yote ya kwartie, mutaa wetu wote, inapita mu mikono yake tangu asubuhi mupaka jioni.

Kisha kikohozi ikaanza, karibu familia yote.

Mimi pia ilinipata. Kichwa, miguu, sombe, majani ya muhogo, mu kinywa sawa ninatafuna karatasi. Nikalala, nikakunywa chai, nikaamuka.

Kambale alianza na kikohozi kidogo, tukamucheka. Halafu muke wake akanipigia telefone: "Yaya, kuja. Hawezi kumaliza maneno."

Nilimukuta ameikala ku kitanda, mikono ku magoti, midomo imebadilika rangi. Wanaume walishindwa kumubeba. Walimutoa na ile kiti yake ya chuma, wakaibeba yote pamoja mupaka ku gari.

Ku hospitali wakamupatia oksijeni. Dokta, mwanamuke kijana, akauliza kama iko na sukari ao tansio, ile damu ya kupanda. Tukajibu wote kwa sauti moja kwamba hapana, huyu ni muzima kabisa.

Muke wake akaangalia chini.

Kumbe, muke akasema, iko na yote mbili, tangu zamani. Dawa anaficha mu mufuko, anakunywa tu siku kichwa kinazunguka, ili wenzake wa soko wasimuone mugonjwa.

Tukamuelezea habari ya kilio na mulango. Dokta hakutugombeza. Akasema: "Kuambukizwa, kila mutu anaweza. Chumba ya kufungwa, watu wengi, muda murefu, basi. Lakini kulemewa ni jambo ingine. Umri, sukari, tansio, unene, moyo ao figo yenye ugonjwa. Papa huyu iko na mingi ya hiyo, na nyinyi mukamuweka pale watu wote wanapitia."

Nikajivuna kidogo. Nikamuuliza, basi sisi wakondefu haituwezi?

"Mama, miaka yako peke yake inatosha kukuangusha. Umepona, shukuru Mungu."

Nikarudi kuikala karibu na Kambale.

Kambale alichungulia kaburi, akarudi. Nguo zake zikawa sawa za mutu mwingine. Sasa kila mahali wanamwambia: "Papa, umekonda, pole, nini inakukula?" Aibu inamushika, anataka kurudilia ile kula ya zamani. Mimi ndiye ninawajibu: hakuna kitu inamukula, anakunywa dawa yake kila asubuhi, na mimi ninamuangalia mupaka ameze.

Juzi tulikuwa na kilio ingine. Paluku akauliza nani ataikala ku mulango.

Kambale akainuka, akabeba ile kiti ya chuma yeye mwenyewe, akaipeleka inje, juu ya mawe ya kiwanja. Akasema wafungue madirisha. Kisha akaniita: "Yaya, kuja huku. Wenye kusema pole watatukuta."

Tuliikala wote wawili mu ile kiti. Zamani alikuwa anaijaza peke yake.

Ndiyo hivyo, wakuu. Tulipima nguvu ya mutu na macho, na karibu tumuzike. Mwili mukubwa si ngao. Uliza sukari, uliza tansio, uliza miaka, fungua dirisha.

Na kwenu, mu kilio, nani munamuweka ku mulango? Andikeni hapa chini, nitasoma yote. Hata wenye kunicheka, nitawajibu.