Kisiki cha Tatu

Harufu yenyewe ilitoka kwenye kichupa. Mkufunzi, kijana wa suti iliyombana mapajani, alikuwa ameletwa kutoka Nairobi kuja kutufundisha sisi walimu wa Kericho namna ya kupumua. Alinyunyiza kitu hewani pale ukumbini hotelini, akatabasamu. "Hiyo ni harufu ya shamba la chai asubuhi," akasema. "Fungeni macho." Wee! Shamba la chai asubuhi linanuka tope, mavi ya ng'ombe na moshi wa kuni mbichi kutoka jikoni kwa jirani. Majani yenyewe hayanuki kitu mpaka uyavunje. Ile ya kichupa ilinuka sabuni. Lakini wenzangu walifumba macho, nami nikafumba, maana mwalimu mkuu alikuwa ananitazama.

"Sasa wewe ni mti," akasema kwa sauti ya kubembeleza mtoto anyonye. "Mizizi yako inashuka chini, chini kabisa. Upepo unakuja, lakini hutikisiki."

Nkt! Nilitaka kumwuliza ni mti gani huo usiotikisika, na kama amewahi kushika panga maishani mwake. Kando yangu mwalimu wa hesabu alikuwa ameshaanza kukoroma. Ila nitawaambia ukweli ninyi ambao hamtaenda kumwambia yeye: pamoja na dharau yangu yote, miguu ilianza kupata baridi ndani ya viatu, baridi ya umande wa nyumbani, na nikajikuta nina miaka kumi.

Kwetu ni upande wa juu wa Kapsoit. Tulikuwa na ng'ombe watatu, mahindi kidogo, na kipande cha chai kilichoanzia nyuma ya jiko na kuteremka hadi mtoni. Mwaka ninaousema, miaka ya tisini, Baba aliipogoa ile chai. Kama hujawahi kuona chai ikipogolewa, nikueleze. Mchai uliochumwa miaka na miaka hukatwa kwa panga mpaka ufike magotini, majani yote chini, vibaki visiki vyeusi vilivyojipanga mistari. Mgeni akipita huuliza ni nani aliyewachukia wenye shamba hivi.

Wiki mbili baadaye malaria ilipita kwenye miinuko yetu, ikamchukua mdogo wangu Kipkoech. Alikuwa na miezi minane. Tulimzika jioni, mvua ikinyesha, na kesho yake Mama akaamka kukamua ng'ombe kama kawaida.

Sasa ndipo mambo yalipoanza. Kila asubuhi baada ya kukamua, kabla jua halijapanda mlimani, Mama alivua viatu vyake vya mpira, akaingia kwenye visiki. Alisimama kando ya kisiki cha tatu kutoka uani, akainama kidogo, akaweka kiganja juu yake, akafumba macho. Basi. Hakuimba, hakulia, hakusema neno. Alikaa hivyo mpaka chai ya asubuhi ikachemka na kumwagika motoni, kisha akarudi jikoni na vidole vya miguu vimekuwa vyeupe kwa baridi.

Mimi nilikuwa namchungulia kwa dirisha la jiko, na nilimdharau. Andikeni hivyo, msinipunguzie. Nilikuwa darasa la tano, najua mafungu ya sentensi na mito mikubwa ya Afrika, na niliona mwanamke mzima anashika kijiti. Wasichana wa shule walipita njia ya juu wakienda, wakaona, wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke immeze yeye, si mimi.

Jumamosi moja alikuja Senge Rael. Kwetu senge ni shangazi, dada wa baba, na huyu wetu alikuwa senge wa kweli: akiingia kwenu, hata paka anakaa vizuri. Alikuwa mkubwa katika kikundi cha akina mama wa kanisa, na Baba hakuwahi kumjibu neno tangu utoto wao. Alinikuta peke yangu. Akanipa kipande cha mkate, akaniuliza, "Mama yenu anaendeleaje?"

Ningeweza kusema anaendelea vizuri. Badala yake nilimvuta paka, nikaweka mkono juu ya kichwa chake, nikafumba macho na kuvuta pumzi kwa kishindo. Senge alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Nani asingependa kumchekesha Senge Rael? Nikaongeza chumvi. "Na anaongea na visiki," nikasema. "Anaviita Kipkoech."

Uongo mtupu. Lakini kicheko cha Senge kilikatika pale pale, akafunga leso yake vizuri kiunoni, akaondoka bila kumaliza chai.

Jumatatu walikuja. Senge, wanawake wanne wa kikundi, na mchungaji wa kambi moja ya maombi ambayo siitaji hapa, mtu mnene wa mikono laini ambaye hakuwa na umande hata kwenye soksi. Walimkuta Mama palepale kwenye kisiki chake. Nilijificha nyuma ya ghala la mahindi.

"Huyu mama ako na pepo," mchungaji akasema, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Tumeambiwa na mtu wa hapa hapa nyumbani," Senge akasema. "Ati unaongea na miti. Ati unaita mtoto."

Mama alifumbua macho. Akamtazama Senge, akautazama mkono wake mwenyewe pale kwenye kisiki. "Siongei," akasema. "Hii imekatwa, haijang'olewa. Ninakaa nayo mpaka mwili wangu ujue tofauti."

Basi, kwa mchungaji huo ndio ushahidi uliokuwa umebaki! Walisema aende kambini akaombewe, na atarudi siku atakapokiri mwenyewe kwamba ana pepo. Walimgeukia Baba. Baba alikuwa ametoka zizini na ndoo ya maziwa, akaitazama ile ndoo kana kwamba jibu lilikuwa limeelea mle ndani. Kisha akaitikia kwa kichwa. Nilimdharau na yeye pia. Siku hiyo nilikuwa na dharau ya kutosha kijiji kizima.

Mama hakupigana. Alifunga nguo zake kwenye leso, na alipopita karibu na ghala alisimama, akaniita nitoke.

"Chelangat, asubuhi utasimama pale kwa niaba yangu."

"Nikifanya nini?"

"Hakuna. Vua viatu. Weka mkono. Fikiria miguu yako imeshuka chini imepata kitu cha kushika."

"Mpaka lini?"

"Utajua."

Unafikiri nilisimama? Thubutu! Wiki mbili nzima nililala mpaka Senge, aliyehamia kwetu kutupikia, aliponivuta sikio. Mama hakurudi, kwa sababu hakutaka kukiri. Tulisikia anafungishwa, kwamba maji tu ndiyo anayopewa jioni. Kisha siku moja wakati wa kuosha vyombo nilimsikia Senge akimwambia Baba, "Mwanamke wa hivyo mrudishe kwao Bomet. Bado wewe ni kijana." Baba alinyamaza. Nilikijua kimya chake. Ndicho kilichompeleka Mama kambini.

Kesho yake nilikuwa kwenye kisiki kabla ya jogoo.

Sitawadanganya, sikuona nuru. Niliona baridi. Nilifumba macho nikafikiria miguu inashuka, na kitu cha pekee nilichopata chini ni siafu. Kiganja kilichubuka, kamasi zikatoka. Nikajiona mjinga wa wajinga, na nikawaza wasichana wa njia ya juu. Lakini kila nilipotaka kuondoka nilimwona Mama yuko Bomet na mimi niko na Senge, nikabaki. Siku ya pili, ya tatu, ya tano. Siku ya tano, wala sijui kwa nini, sikuwasikia wale wasichana walipopita.

Siku ya nane kitu kilinichoma katikati ya kiganja. Nikafumbua macho. Kulikuwa na kidoti chekundu kilichotoka kwenye gome jeusi, kidogo kama punje ya wimbi.

"Baba!" nilipiga kelele. "Baba, imechipuka!"

Alikuja mbio na ndoo yake. Akapiga magoti matopeni, akagusa, akahamia kisiki cha nne, cha tano, akishika kila kimoja kama mtu anayetafuta homa ya mtoto. Kisha mabega yake yakaanza kutetemeka. Sikuwa nimemwona akimlilia Kipkoech. Alilia pale mpaka maziwa yakapoa.

Aliponyanyuka alivaa koti, akatoa baiskeli. Senge alimsimamisha langoni.

"Unaenda wapi?"

"Kumchukua mke wangu," Baba akasema. "Na wewe rudi kwako."

Jioni Mama alirudi nyuma ya baiskeli, amenyolewa, amekonda hadi leso inamzunguka mara mbili. Hakuingia ndani. Alivua viatu akaenda moja kwa moja hadi kisiki cha tatu, akagusa lile chipukizi kwa kidole kimoja.

"Nilisimama kila siku tangu uende," nikamwambia, uongo wangu wa pili.

"Asante, mama," Mama akasema, akanishika kichwa.

"Fumbueni macho," mkufunzi akasema. "Nani anataka kutuambia alikuwa mti gani?" Mwalimu mkuu akasema mwerezi. Mwingine akasema mugumo. Mimi nikasema kisiki cha chai, na yule kijana akacheka, akaniomba nichague kitu chenye matumaini. Nilikuwa nimeshikwa na jambo ambalo halikuwahi kunijia miaka yote hii.

Mtu wa hapa hapa nyumbani. Nilijituliza utoto wangu wote kwamba Mama alidhani ni Baba aliyesema. Lakini saa ile Baba huwa bado zizini na maziwa, na dirisha la jiko lilikuwa na kichwa kimoja tu kila asubuhi. Mama alijua. Alijua alipotoka kwenye kisiki, alijua aliponiita kutoka nyuma ya ghala. Aliniachia mimi kile kisiki kwa sababu mimi ndiye niliyekicheka.