Mbao Mbili za Sanduku la Jirani

Baba yangu aliteleza kwenye paa la nyumba yetu ya mtaa wa Katuba saa nne asubuhi, akirudisha bati lililolegezwa na mitikisiko ya mizinga ya upande wa uwanja wa ndege wa Luano. Ilikuwa miaka ile jimbo letu la Katanga lilipojitenga na nchi. Mimi, mwalimu wa darasa la kwanza, nilikuwa nyumbani kwa kuwa shule zilifungwa. Nilimkuta chini, mguu wa kushoto umepinda chini ya goti. Kaka yangu alikuwa ameushika ili aunyooshe.

"Acha," sauti ikasema nyuma yetu. "Musimuvute muguu."

Alikuwa mama jirani, mtu wa Kasai, aliyewahi kuwasaidia wauguzi hospitalini. Wiki hizo watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa majumbani mwao, naye alikuwa anafunga vitu vyake akimbilie kambi ya wakimbizi. Sisi tulikuwa wenyeji wa Katanga, na baba, kwa kuwaogopa vijana wenye silaha, alikuwa ameacha kabisa kumsalimia. Sote tuliacha.

Hakugusia hilo. Alipiga magoti, akakata suruali kwa mkasi, akatazama kama ngozi imepasuka, kisha akagusa vidole vya mguu kimoja kimoja.

"Papa, tikisa vidole. Muzuri. Iko moto, damu inapita."

Akaenda kwake, akang'oa mbao mbili za sanduku alilokwisha kulipigilia misumari. Akazizungushia vitenge, akaziweka pande zote mbili za mguu, akafunga juu ya goti na kwenye kifundo, lakini si pale palipovunjika. Baba alipoomba maji, alikataa. "Kule hospitali pengine batamulaza usingizi. Asikunywe kintu."

Tuling'oa mlango, tukambeba baba juu yake. Mama jirani, kwa kuwa mtu wa Kasai, hakuweza kupita nasi kwenye kizuizi cha barabarani. Hospitalini daktari alifungua vile vitambaa taratibu, akauliza ni nani aliyefunga. Nikasema ni jirani.

"Ameuokoa mguu huu," akasema, kisha akamfunga plasta.

Tuliporudi, nyumba yake ilikuwa tupu, madirisha yameng'olewa. Wiki ya tatu baba akachukua magongo aliyopewa hospitalini, akaniambia nimsindikize kambini. Majirani walitutazama tukipita. Hakuwaficha alikokuwa anakwenda.

Tulimkuta mama jirani mbele ya kibanda cha magunia, akimwosha mtoto kidonda. Baba akaanza, "Mama, niliogopa bale bantu ba silaha, nikakuacha..."

"Papa, unaegemea magongo kwa makwapa. Utaumia," akamkatiza. "Egemea mikono. Leta."

Magongo yalikuwa marefu. Akaazima msumeno, akayapunguza, akamfundisha kutembea upya kati ya vibanda, kwenda na kurudi. Baba, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alimtii. Walipoketi ndipo baba alipomaliza maneno yake yote ya kuomba radhi, naye mama akamsikiliza hadi mwisho, mikono yake imetulia mapajani, bila kumsaidia kuyatamka.