Mlio wa Bunduki ya Muharami

Kabla ya vita vya Maji Maji, pale Lupaso, Sikuzani hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba leo kuna kitoweo. Alikuwa akipepeta mtama uani, na bunduki ya mumewe ikilia ng'ambo ya bonde aliweka ungo chini akasikiliza. Ilikuwa bunduki kuukuu ya risasi moja moja: ukishapiga, ufungue, utoe ganda, utie nyingine, na mnyama hakungojei. Kwa hiyo mlio mmoja uliofuatwa na kimya ulikuwa nyama. Mlio wa pili ulikuwa Muharami amekosa na anarudi amenuna. Ukiwa mmoja, Sikuzani alibandika maji ya kuoga, na mpaka mumewe atokeze kwenye njia ya mihogoni, maji yalishakuwa nyuma ya nyumba, na kigoda, na nguo kavu imetundikwa kwenye ua. Ndoa yao yote ilikwenda hivyo. Raha gani tena mtu aitafute?

Kisha homa ikamchukua Muharami, tena upesi. Kwa desturi ya Wamakua mali ya mwanamume haikai kwa mkewe wala kwa wanawe. Huenda kwa mtoto wa dada yake. Mpwa mwenyewe, Fikirini, alikaa Newala akiuza chumvi, na kuwinda alikuwa hajui hata kidogo. Alikuja matangani, akalia kwa sauti, akaondoka na bunduki begani. Hakumkosea mtu. Lakini Sikuzani alihisi kama wamemzika mumewe mara ya pili.

Mwaka ulipogeuka zikaja habari kwamba Fikirini anataka kumuuzia mchuuzi wa Lindi bunduki ile. Sikuzani akaingia msituni, akagema utomvu wa mpira wa mwitu, ambao wachuuzi wa pwani waliulipia vizuri, akauviringisha donge kwa donge mpaka kapu likajaa. Watu walimuuliza bunduki ya nini mwanamke.

"Nguruwe wanamaliza mihogo yangu," alijibu. Nguruwe walikuwepo kweli, hilo tusimnyime.

Akapanda mlima wa Newala na mdogo wake Halfani, yeye kapu kichwani, Halfani na mtungi wa maji, maana huko juu mgeni hupewa kiti upesi kuliko maji.

"Karibu, mke wangu wa urithi," alisema Fikirini, kwa utani wa mpwa na mke wa mjomba. "Ungekubali nikuoe, bunduki ungeipata bure."

"Niolewe na wewe unayeogopa hata kwale?" alisema Sikuzani. "Lete bunduki."

Ikaletwa. Halfani akachungulia ndani ya mtutu, akaona kutu, akamnong'oneza dada yake kwamba kitu kimechoka hiki, warudi na mpira wao. Sikuzani hata hakuitazama. Aligeuka, akawapa mgongo.

"Ipige," alisema.

"Risasi alizoacha marehemu zimebaki mbili tu, mama. Moja tukiimaliza hapa..."

"Ipige, Fikirini."

Ikalia. Ule ule mlio mzito, kama kinu kilichoangushwa, halafu ukajiburura mpaka mbali. Sikuzani alishika nguzo ya baraza, machozi yakamtoka naye hakuyaficha. Fikirini, aliyekuwa amejiandaa kuvutana bei mpaka jioni, alilipokea kapu bila kulichungulia.

Nyumbani bunduki ilining'inia juu ya kitanda, na nguruwe wakaendelea kula mihogo kwa amani. Sikuzani hakutaka ile risasi ya mwisho iguswe. Majirani walimcheka kwamba amenunua fimbo ya bei ghali. Alicheka nao.

Kisha vita vikaanza upande wa Umatumbi, vikashuka kusini, na amri ya Mjerumani ikafika: kila mwenye bunduki aipeleke kwa akida kesho yake. Mchana ule Sikuzani aliishusha, akampa Halfani pamoja na risasi.

"Nenda ng'ambo ya bonde, pale alipozoea kusimama shemeji yako. Piga mara moja, urudi."

"Dada, na askari wakisikia?"

"Watasikia mtu anafukuza nguruwe. Nenda, mdogo wangu. Kesho sitakuwa nayo."

Halfani akaenda akinung'unika. Sikuzani akatoka uani, akachukua ungo wake wa mtama. Jua lilikuwa limeanza kuinama mlio ulipokuja. Aliweka ungo chini, akangoja wa pili. Haukuja. Akabandika maji.

Halfani alirudi bila nyama, na bunduki haina risasi tena. Nyuma ya nyumba alikuta maji yanafuka mvuke, kigoda kimewekwa, nguo ya Muharami imetundikwa kwenye ua, na dada yake amesimama akitazama njia ya mihogoni. Alijua maji yale si yake. Akaenda kuketi nje, akailaza bunduki mapajani, akamwacha angoje kidogo.